Mume Wangu Alivyozikwa Akiwa Hai

Kwanza niseme wazi, tusije tukasumbuana mbele ya safari: haya ninayosimulia ni mambo ya watu wazima, tena watu wazima waliooana. Kama bado unamwoshea mama yako vyombo, hebu kamalizie kwanza huko jikoni. Mimi nimeshakula chumvi nyingi, sioni haya kusema kwamba kuna jambo la chumbani ambalo humrudishia mtu afya kuliko supu ya kongoro. Na nililipigania mpaka nikalipata, ngoja nikusimulie.

Ilikuwa enzi za ruksa, serikali imefungulia biashara, tukiishi Kilosa mjini. Mitumba imejaa sokoni, kila mwenye ukuta ameutoboa dirisha na kuanza kuuza sabuni, na mashamba ya mkonge yanabadilisha wenyewe. Mume wangu alikuwa fundi mitambo kwenye shamba mojawapo. Asubuhi moja wakaitwa wote, wakasimamishwa juani, wakaambiwa asanteni sana kwa utumishi wenu. Akarudi nyumbani na ovaroli mkononi. Tangu siku hiyo akawa anazunguka uani anatengeneza vitu ambavyo havijaharibika. Alifungua redio akaifunga. Alifungua cherehani yangu akaifunga, ikabaki na skrubu moja mezani ambayo mpaka leo sijui ilikuwa ya wapi. Kisha mchana mmoja, akiwa ameinamia baiskeli ya jirani, akaanguka.

Tulimkimbiza hospitali, Mikumi. Presha, wakasema, na moyo umechoka kidogo. Alilazwa, akapata nafuu, akaruhusiwa na mfuko wa vidonge na maagizo: asile chumvi, asinyanyue vitu vizito, asikasirishwe. Maagizo hayo yalitolewa mbele ya shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, ambaye alikuwa amekuja kutoka Kidete aliposikia habari. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuniharibikia.

Shangazi huyu ndiye aliyemlea mume wangu toka akiwa anatambaa. Mwanamke mrefu, mkavu, wa kauli moja. Akikohoa, nyumba nzima inanyamaza. Kwao kijijini, mwanamume akiugua analindwa na watu wa damu yake. Mke anapika, anafua, anachemsha maji ya kuoga, basi. Tulipofika tu nyumbani kutoka Mikumi akaagiza kitanda cha kamba kitandikwe sebuleni, mgonjwa akalazwa hapo, na yeye akatandika mkeka wake chini pembeni yake.

"Wewe pika, mwanangu," akaniambia. "Kumlinda ni kazi yetu."

"Kwani chumbani kuna nini, shangazi?" nikauliza kwa adabu zote nilizofundishwa Kidodi nilikozaliwa.

"Chumbani kuna wewe," akasema.

Aka! Alichoamini ni kwamba mwanamume mgonjwa ana nguvu kidogo zilizobaki, na mke ndiye shimo zinakopotelea. Na si yeye peke yake. Miaka ile ukifungua redio, habari zote za jambo lile zilikuwa za ugonjwa na kifo. Kwenye ukuta wa zahanati kulikuwa na picha ya fuvu la kichwa. Hatukatai, watu walikuwa wanakufa na ilibidi waonywe. Lakini hata siku moja hakuna aliyesimama akasema kwamba mtu na mkewe, waaminifu, wakilala pamoja wanapata pia uzima.

Basi mgonjwa wangu akakaa sebuleni. Wageni wakija kumpa pole wanamkuta hapo hapo, shuka limefika kidevuni, utafikiri mwari. Nilimpikia mchicha usio na chumvi mpaka mchicha wenyewe ukatuchoka. Vidonge alimeza. Lakini hakulala. Usingizi ulimkimbia, usiku na mchana macho yameganda kwenye bati. Kuku akipita analipuka kwa hasira, yeye aliyekuwa mtu wa kucheka na kila mpita njia. Kila tukimpeleka kupima, presha iko pale pale, au imepanda kidogo. Shangazi anatikisa kichwa na kunitazama mimi, kana kwamba nimeipandisha kwa kuifikiria tu.

Na nilikuwa nikifikiria, kwa nini niongope? Sikuwa mgonjwa mimi. Nilikuwa mwanamke mwenye mwili wenye afya na kitanda kikubwa cha mninga nilichokilalia peke yangu kama mgeni. Nilimkosa. Nilikosa mguu wake wa baridi anaouchomeka katikati ya miguu yangu bila hodi. Nilikosa kuambiwa upuuzi sikioni. Na juu ya yote niliogopa kitu kimoja: kwamba atazoea. Atazoea kuwa mgonjwa, atazoea mkeka wa shangazi pembeni, na mimi nitakuwa mjane wa mtu anayekunywa uji sebuleni kwangu. Nilikuwa nampoteza huku namwona.

Biashara yangu ilikuwa mitumba, na siku nyingine nilikuwa napeleka mzigo Mikumi, maana pale barabara kuu madereva wa malori hawana muda wa kuchagua. Suruali ikimtosha kiunoni ananunua. Nilipomaliza kuuza siku moja nikajikaza, nikaenda hospitali kumwona daktari aliyemtibu. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye miwani inayomteremka puani. Mara zote zilizopita shangazi alikuwa ameingia na sisi, na mbele ya shangazi ungeuliza nini? Safari hii nilikuwa peke yangu. Nikasalimia, nikakaa, nikaanza kuzungumzia mchicha.

Akanisikiliza weee, mwisho akavua miwani.

"Mama, mchicha nimeuelewa. Sasa sema kilichokuleta."

Nikasema. Nilisema nikitazama kalenda ya ukutani, lakini nikasema yote: sebule, mkeka, nguvu zinazopotea shimoni.

Daktari alicheka mpaka nesi akachungulia. Kisha akawa makini. Akaniambia unyumba si adui wa mgonjwa wa presha aliyepata nafuu na anayemeza dawa zake. Ni mazoezi kidogo, alisema, kama kutembea kwa haraka. Baada ya hapo mwili unalegea, usingizi unakuja, mawazo yanapungua, hata maumivu madogo madogo ya kichwa na mgongo yanatulia. Watu wanaokumbatiana wanagombana kidogo, na nyumba isiyo na ugomvi ni nafuu kwa moyo.

"Lakini usije ukamtupia vidonge chooni ukasema umepata dawa mpya," akanionya kwa kidole. "Huu ni msaada tu. Vidonge ni vile vile."

"Nitajuaje kama moyo wake unaweza?"

"Akipanda ngazi za ghorofa mbili bila kusimama..."

"Daktari, Kilosa ghorofa ziko wapi?"

"Basi apande kilima. Aende mwendo wa mtu anayewahi gulio. Kifua kisipombana, asipohema juu juu, mwache arudi chumbani kwake. Kikimbana, asimame, mniletee." Akavaa miwani. "Na kuna vidonge vingine vinampoza mwanamume. Akiona hivyo aje aniambie nimbadilishie, asiache mwenyewe. Na ile mizizi ya nguvu wanayouza pale stendi, asiiguse kabisa."

Jamani! Nilitoka pale nimepewa ruksa yangu na mimi. Njia nzima ya vumbi kurudi Kilosa nilikuwa nacheka peke yangu.

Kumwambia mume wangu haikuwa kazi ndogo, kwani mlinzi hakubanduka. Nilimvizia bafuni, nikimpelekea maji ya moto, nikamnong'oneza maneno ya daktari. Nilitegemea ataruka. Akajimwagia maji, akasema, "Shangazi atatuonaje?"

Nikamwambia basi tuanze na kilima. Nyuma ya mtaa wetu kipo kimoja, si kikubwa, mbuzi wanakipanda wakitafuna. Leo jua kali, akasema. Kesho yake kuna matope. Keshokutwa viatu vinambana. Damu ilinichemka, lakini ilimchemkia shangazi. Nikajiambia mwanamke huyu amemtia mtu mzima woga mpaka anaogopa mbuzi. Na mimi kumwambia shangazi wa mume wangu habari za kitanda? Thubutu! Ningeonekana sina malezi. Hata daktari mwenyewe asingefungua mdomo mbele yake. Mtu mmoja tu duniani ndiye angeweza, naye ni mtani.

Mume wangu ni Msagara. Jirani yangu wa pale sokoni, muuza dagaa, ni Mnyamwezi, babu yake aliletwa huku na mkonge. Wanyamwezi na Wasagara ni watani tangu enzi za misafara ya miguu. Mtani ana ruksa ya kusema lolote. Atakuja msibani kwako avae koti la marehemu, aigize alivyokuwa anatembea, alale kaburini akatae kutoka mpaka apewe kitu, na wewe mfiwa huna haki ya kununa. Ukinuna, aibu ni yako na ukoo wako. Shangazi, pamoja na ukali wake, alikuwa ameishika mila hiyo kuliko sisi sote.

Nikamweleza muuza dagaa shida yangu. Aliangua kicheko, akaegemea meza yake ya dagaa, akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Msagara amelala sebuleni na mke anaye? Niachie mimi."

Sikuuliza atafanya nini. Afadhali, maana ningekataa.

Siku moja nilikuwa nachambua mchele uani, jua la adhuhuri, nikasikia kilio barabarani. "Uwiii! Uwiii! Msagara wetu ametutoka! Uwiii!" Ungo ulinidondoka. Muuza dagaa alikuwa mbele, kanga imefungwa kiunoni, mikono kichwani, nyuma yake Wanyamwezi wenzake wa sokoni, wanawake kwa wanaume, wote wanalia kwa sauti na macho makavu. Majirani wakaanza kukimbilia kwetu.

Shangazi akatoka mlangoni. "Nani amekufa?"

"Si mtoto wenu huyu hapa ndani!"

"Huyu mzima!"

"Mzima wapi? Mwanamume mzima mke wake yuko chumbani, yeye amewekwa sebuleni kama gunia la mahindi? Huyu amekufa siku nyingi, mnatuficha tu msitupe ubwabwa wa msiba! Pisheni tuzike!"

Wakaingia. Muuza dagaa akasimama kichwani pa mgonjwa, akaanza kusoma wasifu wa marehemu. Marehemu alizaliwa Kidete, alikuwa mwoga wa maji toka utotoni. Marehemu alikuwa fundi hodari, mashine za watu wote wilaya hii alizitia grisi, ya nyumbani kwake akaiacha inashika kutu. Marehemu ameacha mjane bado mbichi, mwenye nia aonane na kamati. Watu hawakuwa na mbavu kwa kicheko. Mume wangu alijaribu kuinuka, "Jamani mimi sijafa," akakandamizwa chini kwa upole. "Marehemu tulia, usitutie aibu mbele za watu."

Kisha wakanyanyua kitanda, mtu juu yake, wakaanza safari ya makaburini kuelekea chumbani. Mlangoni kikakwama. Wakakilaza upande, mgonjwa akaning'inia kashika kamba kwa mikono miwili, na hapo, wallahi, nikasikia sauti ambayo nilikuwa nimeisahau. Mume wangu alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, "Nishusheni, mtaniua kweli!" Wakamtua chumbani kando ya kitanda cha mninga. Muuza dagaa akanivuta mkono. "Mjane, kaburi ni hili. Hakuna kutoka arobaini yote." Akajilaza chali kizingitini, akatangaza kwamba haondoki bila fungu lake.

Watu wote wakamgeukia shangazi. Niliona midomo yake inatetemeka, nikadhani analia. Kumbe anakizuia kicheko. Hakuruhusiwa kukasirika na alijua.

"Mpeni jogoo aende zake," akasema. "Mpeni yule mwekundu."

Jogoo wangu! Kati ya kuku wote wa pale uani, jogoo wangu mwekundu wa mbegu! Akaondoka kwapani mwa muuza dagaa, msafara mzima ukiimba nyuma yake.

Nyumba ikatulia. Nikaingia chumbani, moyo unanidunda kama msichana. Nikafunga mlango. Mume wangu alikuwa amehamia kwenye kitanda cha mninga, amekaa pembeni, kicheko kimeshamtoka usoni. Nikakaa karibu yake, nikamshika goti.

"Kichwa kinaniuma," akasema, akageukia ukuta.

Hapo ndipo nilipopandisha mori. Nilitoka mpaka jikoni alikokuwa shangazi anachochea moto, nikasimama mbele yake, adabu yote nimeiacha mlangoni.

"Shangazi, umemfanya nini mume wangu? Nirudishie mume wangu! Hata akiwa peke yake na mimi bado anakuogopa wewe!"

Hakukasirika. Akasogeza kigoda kwa mguu. "Kaa."

Nikakaa.

"Mimi nina shamba Kidete," akasema. "Mbaazi zangu saa hizi zinaliwa na nyani. Kumlinda mumeo nilikusudia wiki ile ya kwanza tu, mpaka apate nguvu. Baada ya hapo kila nikifunga mzigo wangu ananishika mkono. Ananiambia, shangazi, usiniache peke yangu na mke wangu." Akasukuma kuni motoni. "Nilidhani unampiga."

Nilitamani kucheka, nikashindwa. Niliumia, tena niliumia vibaya. Nilirudi chumbani nikamkuta bado anautazama ukuta. Nikamwuliza kwa sauti ndogo nimemkosea nini. Kama amenichoka aseme, kama nguvu zimemwishia aseme, daktari atabadilisha kidonge, dunia haijaisha. Kisha akaniuliza kama namkumbuka fundi mwenzake wa kule shambani, yule aliyefia nyumbani kwake.

Namkumbuka, nikasema. Nani asiyemkumbuka. Alifia juu ya mkewe. Mji mzima ulijua kabla hajaoshwa. Yule mwanamke alikuwa anauza maandazi asubuhi, na baada ya arobaini hakuna aliyenunua hata moja. Wanaume walimpita wakichekeana, wanawake wakawavuta waume zao. Alihama Kilosa na watoto wake, sijui alikwenda wapi.

"Mimi kufa siogopi," mume wangu akasema. "Kazi imeshakwisha, nitakufa siku yoyote. Lakini nikifia pale, wewe utasemwa. Utaambiwa umeniua. Nani atanunua nguo kwako?"

Loh. Siku zote zile nilikuwa nikidhani ananikimbia, na kumbe amejilaza sebuleni mbele za wageni, akiaibika, ili mimi nisije nikaaibika. Nililia. Nilimpiga ngumi begani, nikalia, nikampiga tena. Halafu, sijui yalitoka wapi, nikamwambia:

"Wewe si umeshazikwa leo? Mtaa mzima umeona. Wasifu umesomwa, jogoo wangu ameliwa. Ukifa tena nani atakuja kushangaa?"

Akageuka. Akanitazama. Akaanza kucheka pole pole, mabega yanacheza, mpaka tukashikana tusianguke.

Kulipopambazuka aliniambia nivae viatu. Tulikipanda kile kilima kabla jua halijakaza, yeye mbele, mimi nyuma. Hakusimama njiani. Mimi ndiye niliyehema, nimeshika kiuno. Alifika juu akawa anaitazama reli na mto Mkondoa, mkono kifuani, kama mtu anayesikiliza injini. Nilikuwa namchungulia usoni kama jasho la ajabu linamtoka, kama midomo imebadilika rangi. Hakuna.

"Kifua chako vipi?" akaniuliza.

"Changu?"

"Naona wewe ndiye mgonjwa."

Tuliporudi, shangazi alikuwa amesimama uani. Alimtazama kijana wake toka juu mpaka viatuni. Kisha akajifunga kanga nzuri, akasema anakwenda kumsalimia yule Mnyamwezi mwenye kinywa kichafu, na tusimngoje mapema.

Ya chumbani ni yangu, sitayasema. Nitasema tu kwamba tulikuwa na haya kama maharusi, na kwamba baadaye niliweka sikio kifuani pake. Moyo ulikuwa unakimbia, na mimi nikaogopa, niliogopa kweli, nikamwomba Mungu kwa majina yote ninayoyajua. Kisha ukapunguza mwendo. Ukatulia, mzito, sawasawa. Nilipoinua kichwa kumwambia, alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, jua la saa nne linamwingilia dirishani na wala hana habari. Mtu ambaye usingizi ulimkimbia tangu alipotoka Mikumi.

Nilikuwa namenya viazi mlangoni shangazi aliporudi. Alitupa jicho sebuleni, kisha kwenye mlango wa chumba uliofungwa.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Amelala, shangazi."

"Amelala, au amelazwa?"

"Amelala mwenyewe. Msikilize."

Akasogea mlangoni, akatega sikio. Mkoromo ulikuwa unapita chini ya mlango. Alisimama pale muda mrefu, yule mwanamke mkavu aliyembeba mgongoni tangu alipofiwa na mama, akajifuta macho kwa kiganja, upesi, nisione. Kisha akaniuliza treni ya Kidete inapita saa ngapi.